Ndege wa asali: tunasimulia nini, tunasahau nini?



Katika kijitabu chetu kilichotangulia tulichapa, kwa ukurasa mmoja tu, hadithi ya ndege anayeongoza watu kwenye asali. Tuliichapa bila maelezo, tukidhani kwamba hadithi inayojulikana na kila mtu haiombi maelezo. Watu waliisoma, walimu wawili watatu waliisomesha watoto masomoni, na hakuna aliyelalamika. Kisha muzee mmoja, mtu wa pori, aliyekuwa akitafuta asali tangu ujana wake, akasomewa ukurasa ule na mjukuu wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema: "Bana bangu, muliandika muzuri. Lakini ule mwenye aliandika, hakufuataka ule ndeke hata siku moya."

Neno lile lilituuma, juu alikuwa na haki. Kati yetu sisi tulioandika, hakuna hata mmoja aliyekwisha kumfuata ndege huyo porini. Tulisimuliwa na mama zetu, nao walisimuliwa na mama zao, na sisi tukaandika. Kwa hiyo tumeona vema kurudi juu ya hadithi hiyo na kuihakiki: si kwa kuwakosoa wazee waliotuachia, bali kwa kujikosoa sisi tunaoisimulia leo. Tunataka kuuliza maswali mawili: hadithi hii inasema nini kweli? Na sisi, tunapoisimulia mjini, tunaacha nini njiani?

1. Hadithi kama tulivyoichapa

Tuikumbushe kwa kifupi. Mtu mmoja alikwenda porini na njaa. Ndege akamjia, akapiga kelele, akamwongoza mpaka kwenye muti wenye asali. Mtu akapasua muti, akala, akajaza kibuyu, akaondoka bila kumwachia ndege hata kipande cha nta. Siku nyingine ndege akamjia tena, akamwita kwa sauti ile ile. Mtu akafuata kwa furaha. Mara hii, chini ya muti, alikuwa amelala chui. Mtu hakurudi nyumbani. Fundisho: mwenye kunyima atanyimwa, na mwenye kusahau aliyemsaidia ataona.

Wengine wanaweka simba mahali pa chui, wengine nyoka mkubwa. Hadithi hii si ya Katanga peke yake. Wazambia wanaisimulia, na vilevile watu wa Zimbabwe, Msumbiji, Tanzania na Kenya. Panapokuwa na ndege huyo, ndipo panapokuwa na hadithi. Hilo peke yake lingetufungua macho: hadithi inayofuata mipaka ya ndege, kuliko kufuata mipaka ya kabila ama ya lugha, haikuzaliwa katika masolo ya jioni tu. Ilizaliwa katika kazi.

Sasa tutazame jinsi tulivyoiandika. Kunyima tulikupa mistari minne. Chui tulimpa mistari sita. Lakini safari kutoka pale ndege alipoita mpaka pale asali ilipo, tuliipa sentensi moja: "akamwongoza mpaka kwenye muti". Hapo ndipo muzee alipocheka. Kwake yeye, sentensi ile moja ndiyo hadithi nzima. Yaliyobaki ni mkia.

2. Kazi iliyofichwa katika sentensi moja

Ndege mwenyewe si wa kupendeza macho. Ana urefu wa sentimeta 20 hivi, uzito wa gramu 50 hivi, na rangi ya majivu na kahawia. Dume aliyekomaa ana koo jeusi, shavu jeupe na mdomo mwekundu kidogo. Vitabu vya Kiswahili vya pwani vinamwita mlembe. Kwetu kila lugha ina jina lake. Ukoo wake una aina 17 hivi, karibu zote za Afrika, na mbili tu za Asia. Ndugu zetu wa Kivu wanayo aina ndogo sana, ambayo Mmarekani James Chapin aliipa jina la kitaalamu mwaka 1958. Lakini si ndege wote wa ukoo huo wanaoongoza watu. Anayejulikana kweli kwa kazi hiyo ni yule mkubwa, na yeye hapendi msitu mzito kama wa Ituri. Anapenda pori lenye miti iliyoachana, sawa vile pori letu la mutondo, muputu na musamba. Ndiyo maana hadithi yake ina nguvu huku kusini, na kule msituni Wambuti wanatafuta asali kwa macho na masikio yao wenyewe.

Kazi inafanyika hivi. Mtu anaingia porini na anaita. Si lazima ndege aanze. Mara nyingi ni mtu anayeanza. Ndege akisikia, anakuja karibu na kupiga kelele za haraka haraka, sawa vile mtu anayetikisa kibiriti chenye njiti. Kisha anaruka kwenda muti mwingine, na manyoya meupe ya pembeni ya mkia yanaonekana vizuri. Anatua, anangoja. Mtu anamjibu: anapiga mluzi, anasema naye, anagonga muti kwa shoka. Mtu akikawia, ndege anarudi kumtafuta. Wanakwenda hivyo, muti kwa muti, mpaka ndege anabadili sauti, ananyamaza, anakaa. Hapo yeye amemaliza sehemu yake. Sasa ni mtu anayepaswa kutazama juu, kuona tundu dogo na nyuki wanaoingia na kutoka wakipita kwenye mwanga.

Baadaye inakuja kazi ya moto na shoka: fungu la majani linalotoa moshi, kupanda, kukata, kuumwa. Ndege anangoja pembeni. Yeye hatafuti asali hasa. Chakula chake ni nta na watoto wa nyuki. Nta ni kitu ambacho wanyama wachache sana wanaweza kukimeng'enya, yeye anaweza. Lakini hawezi kupasua muti, na nyuki wakali wanaweza kumuua. Ndege ana habari, hana moto. Mtu ana moto na shoka, hana habari. Mtu anachukua asali, ndege anapata nta ambayo mtu haili. Hakuna anayepokonya chakula cha mwingine.

Haya si maneno ya kupamba. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtafiti wa Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walitoa matokeo ya miaka mitatu ya kufuata watafuta asali wa Kiborani kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, mtu alitumia kama saa tisa kwa kupata mzinga mmoja. Akiwa na ndege, kama saa tatu. Waborani walikuwa wakisema kwamba ndege anawaonyesha upande wa kwenda, umbali uliobaki, na mwisho wa safari. Kwamba, kwa mfano, kadiri mzinga unavyokaribia ndivyo ndege anavyotua chini zaidi mitini. Watafiti walipima, wakakuta ni kweli.

Kwa hiyo kosa letu la kwanza ni hili: tuliandika hadithi ya kazi na tukaikata kazi. Tulibakiza paka njaa, uchoyo na chui. Mtoto wa Lubumbashi anayeisoma anajua kwamba mtu alikuwa mbaya. Hajui mtu yule alikuwa akifanya nini.

3. Ndege si jaji

Kosa la pili ni kumfanya ndege kuwa jaji. Katika ukurasa wetu tuliandika kwamba ndege "alikumbuka ubaya ule moyoni". Muzee alituuliza: "Mulimuulizaka?" Tukacheka wote. Lakini swali ni zito.

Kama ndege analipiza kisasi, basi watu wasiomwachia kitu wangekuwa wamekwisha wote kwa chui na nyoka. Tazama Wahadzabe wa Tanzania, karibu na ziwa Eyasi. Brian Wood na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba wengi kati ya watafuta asali hao hawamwachii ndege sehemu yake. Wanakusanya masega yaliyobaki, wanayazika ama wanayachoma. Juu ya nini? Kwa kusudi ndege abaki na njaa na kuwaongoza tena kwenye mzinga mwingine. Mayele ya porini! Na ndege anaendelea kuja. Kwa upande mwingine, Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wanamtengea ndege nta yake na kuiweka juu ya majani mabichi. Ndege anakuja kwao pia. Desturi mbili zinazopingana, na ndege wa aina ile ile.

Na chui je? Ni kweli kwamba watafuta asali wengi wanasema walikwisha kupelekwa kwa mnyama ama nyoka. Watafiti wa Niassa nao waliona jambo hilo, lakini mara chache sana, na wanaliona kuwa kosa la ndege, wala si hasira yake. Mtu anayetembea porini akitazama juu mitini, muda mrefu, mahali pasipopitwa na watu, atakutana na nyoka siku moja, akiwa amelipa nta ama hajalipa.

Tena, ndege huyu si mtakatifu. Hajengi kiota. Jike anataga yai lake katika kiota cha ndege wengine, hasa wale wanaokaa ndani ya matundu. Mtoto wake anazaliwa kipofu, uchi, na ncha za mdomo wake zimepindika sawa vile ndoana. Kwa ndoana hizo anawauma watoto wa mwenye nyumba mpaka wanakufa, ili chakula chote kije kwake. Jambo hilo lilionekana wazi kwa kamera katika viota vya kusini mwa Zambia, na likachapishwa mwaka 2011. Ndivyo anavyoanza maisha huyu tunayemtuma kuwafundisha watoto wetu ukarimu!

Je, tuseme basi hadithi ni ya uongo, tuitupe? Hapana. Tunasema tumeisoma vibaya. Maneno ya hadithi kuhusu chui hayamhusu ndege. Yanamhusu mtu. Mtu aliye peke yake porini, mbele ya masega yanayotiririka, haonwi na mtu yeyote. Anaweza kula yote, kukata matawi yote, kuacha moto nyuma yake, kurudi kijijini na kusema "sikupata kitu". Ni nani atamshitaki? Wazee wakaweka shahidi juu ya muti. Chui wa hadithi ni adhabu ya sheria ambayo haina polisi. Sheria hiyo inasema: yule uliyefanya naye kazi ana sehemu yake, hata kama ni mdogo, hata kama hawezi kukudai.

Lakini adhabu haina maana bila mapatano yaliyotangulia. Ukimsomea mtu faini bila kumsomea mkataba, unamwogopesha tu, humfundishi. Ndivyo tulivyofanya. Na ndiyo maana watoto wengi, ukiwauliza hadithi ya ndege wa asali inamaanisha nini, wanajibu: "Ule ndeke ni mubaya." Tumeandika hadithi ya ushirikiano, na mtoto ametoka nayo akiwa na hofu ya mshirika.

4. Wageni nao walifanya kosa letu

Tusijipige kifua peke yetu. Vitabu vya bazungu vilianza kumwandika ndege huyu zamani. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliona ndege wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa, na katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609 alisema pia juu ya ndege wanaoongoza watu kwenye asali. Mwaka 1777 Anders Sparrman, Mswidi aliyetoka safari ya Afrika ya Kusini, alimweleza kwa wanasayansi wa London. Mfaransa Levaillant akaja baadaye na kumbishia Sparrman. Walibishana wao kwa wao, na wenye kumfuata ndege kila siku hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mfano mzuri ni nyegere. Vitabu vingi vya picha, hata vya watoto, vinaonyesha ndege akimwongoza nyegere kwenye mzinga, nyegere anapasua, wanakula pamoja. Picha ni nzuri sana. Habari hiyo inatoka kwa vitabu vya karne ya 18, ikarudiwa na kurudiwa mpaka ikageuka kuwa ukweli. Ni katika mwaka 2023 tu ndipo watafiti walipochapa majibu ya watafuta asali karibu 400 wa nchi tisa za Afrika walioulizwa: je, ninyi mlikwisha kuona jambo hili? Wengi walijibu kwamba hawajaona, na hawaamini. Lakini katika vijiji vingine vya Tanzania watu wengi walisema wameona. Jibu lenyewe, basi, si ndiyo wala si hapana. Kinachotushangaza ni kwamba ilichukua zaidi ya miaka 200 kuwauliza.

Hatuwezi kuwacheka. Sisi tuko kwa kilometa chache na watu hao, tunasema lugha moja nao, tunanunua asali yao barabarani katika bidoni na chupa, na tuliandika ukurasa wetu bila kuwauliza hata neno moja.

5. Hadithi inapoingia katika mgodi

Kuna mahali ambapo hadithi hii bado inaishi kwa nguvu mjini: katika masolo ya watu wa mgodi. Tumesikia zaidi ya mara moja mchimbaji akisema juu ya yule aliyeonyesha mahali penye madini na kuondoka mikono mitupu: "Njo ule ndeke wa buki." Na anaongeza kwamba chui yuko njiani.

Tunaelewa uchungu huo, na historia yetu inaupa haki. Jules Cornet, mjuzi wa mawe aliyekuja na msafara wa Bia na Francqui, alipopita Katanga mwaka 1892 hakuvumbua shaba katika nchi tupu. Alionyeshwa mashimo ambayo watu wa hapa walikuwa wamechimba zamani; wayeyushaji wa shaba walikuwa na ufundi wao. Miaka 14 baadaye, katika mwaka 1906, Union Minière ilianzishwa. Nani alionyesha, na nani alikula asali? Kila mtu wa Katanga anajua jibu.

Hata hivyo, kama wahakiki tunapaswa kusema kwamba mfano huo unachechemea. Katika pori, mapatano yanasimama kwa sababu kila mmoja anataka kile ambacho mwingine hakihitaji. Mtu hali nta, ndege hana haja na kibuyu cha asali. Katika mgodi, wote wawili wanataka kitu kimoja, na aliye na nguvu anakichukua. Tena, ndege hangoji huruma: siku mtu akimdanganya, kesho atamwita mtu mwingine ama atatafuta mzinga uliopasuka. Mwanakijiji aliyeonyesha kilima chake hana kilima kingine. Tukimwita "ndege wa asali", tunapunguza ubaya aliotendewa na kuufanya kuwa uchoyo wa mtu mmoja ambaye chui atamshughulikia. Chui hakuja. Mambo ya mgodi yanaomba sheria iliyoandikwa na watu wa kuisimamia. Hadithi haitoshi.

6. Kinachoweza kupotea katika maisha ya mtu mmoja

Sasa tunafika kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote, na ambalo ukurasa wetu haukuligusa hata kidogo.

Watafuta asali hawamwiti ndege kwa sauti moja kila mahali. Wayao wa Niassa wana mlio wao wa ulimi unaotetemeka na kumalizika kwa mguno. Claire Spottiswoode na wenzake walipoupima mwaka 2016, walikuta kwamba mtu anayeutoa anapata kuongozwa mara mbili kuliko mtu anayetoa sauti nyingine tu: nafasi ilipanda kutoka asilimia 33 mpaka 66. Wahadzabe wana mluzi wao. Mwaka 2023 ikachapwa kazi nyingine, ya Spottiswoode na Brian Wood: waliwasikilizisha ndege wa Tanzania mlio wa Msumbiji, na ndege wa Msumbiji mluzi wa Tanzania. Ndege wa kila mahali waliitika zaidi sauti ya watu wao. Kwa Wahadzabe tofauti ilizidi mara tatu. Kwa Wayao ilikaribia mara mbili.

Tufikiri vizuri maana yake. Ndege huyu hajui wazazi wake, alilelewa na wageni aliowaulia watoto. Hakuna aliyemfundisha kuongoza; anazaliwa na mwelekeo huo. Lakini sauti ya watu wa mahali pake, hiyo watafiti wanaona anajifunza kwa kuishi karibu nao. Na mtu, kwa upande wake, hazaliwi na kitu: lazima baba ama mjomba amfundishe mtoto kuita. Basi kila pori lina lugha yake ndogo kati ya watu na ndege, na lugha hiyo haiwezi kutolewa mahali pengine kama ikikufa. Mzee mmoja akifa bila mwanafunzi, na ndege waliozoea sauti yake wakifa nyuma yake, ile lugha imekwisha.

Mwaka 1955 Herbert Friedmann, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima juu ya ndege hawa, alikwisha kueleza kwamba mahali ambapo watu wameacha kutafuta asali ya porini, ndege nao wanaacha kuongoza. Kwetu sababu zinajulikana. Sukari inauzwa kwa vipimo vidogo katika kila duka. Na pori linarudi nyuma. Kila asubuhi, katika barabara zinazoingia Lubumbashi, tunaona kinga zilizobeba mizigo ya makala mirefu kuliko mwenye kuisukuma. Hatuwahukumu wenye kuyachoma. Umeme unakatika, chungu kinangoja, na sisi wenyewe tunapika kwa makala hayo. Lakini muti mkubwa wenye tundu, uliobeba nyuki miaka mingi, unaingia katika tanuru sawa na mingine. Mutondo unaowapa nyuki maua unaondoka. Nyuki wakienda, ndege hana habari ya kutoa. Mtu akienda, ndege hana wa kumpa.

Hadithi haitakufa. Ni hilo linalotuogopesha. Hadithi ni nyepesi, inaishi masomoni, katika vijitabu kama hiki, midomoni mwa watu wa mgodi. Tunaweza kuisimulia miaka mia mingine bila ndege hata mmoja kuitwa, na kudhani kwamba tumehifadhi mila. Katika vikao vyetu neno "kuhifadhi" linatajwa kila mara. Tujiulize tunahifadhi nini. Mtoto anayejua kwamba chui alimshika mchoyo, lakini hajui sauti ambayo babu yake alitumia kumwita ndege, amepokea ganda, tunda limebaki nyuma.

7. Tunaomba nini kwa wasomaji

Hatutaki kumaliza na lawama. Hadithi isimuliwe, lakini isimuliwe nzima. Mwalimu anayeisomesha aanze na kuita, apite safari ya muti kwa muti, moshi na shoka, aonyeshe kwamba kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwingine hana. Kisha ndipo aje kwenye kunyima, na chui aje mwisho, akiwa mdogo. Watoto wataelewa wenyewe kwa nini kunyima ni kosa.

Kwa wasomaji wenye jamaa vijijini, kama ni Kasenga, Mitwaba, Pweto, Kambove, Sakania ama mahali pengine pa Katanga ya zamani iliyogawanywa mwaka 2015, tunaomba jambo moja. Mkienda kusalimia, tafuteni wazee waliofuata ndege, muwaulize: mlikuwa mnamwita namna gani? Mlikuwa mnamwachia nini, na juu ya nini? Nani aliwafundisha? Herufi zetu hazitoshi kuandika mluzi. Simu ya mkononi inatosha kuukamata. Na kama mzee atasema kwamba yeye hakumwachia ndege kitu, msimkosoe. Andikeni hivyo hivyo, kwa kuwa huo nao ni ushuhuda.

Sisi tulianza na yule muzee aliyetucheka. Tulimwendea tukiwa watatu, tukamwomba atupigie mluzi wake pale uani, tuuchukue katika simu. Alitutazama, akatazama ukuta wa majirani, bati, nyaya za umeme, akakataa. "Hapa? Nitamuita nani hapa? Tuende ku pori, njo mutasikia. Na mulete shoka."

Tumekubaliana naye kwenda wakati wa asali. Shoka tumekwisha kulinunua. Kama ndege ataitika, tutaandika katika kijitabu kitakachofuata jinsi safari ilivyokwenda. Kama hataitika, tutaandika vilevile.